Jinsi ya kuchagua gemu za kibanda bila kukimbizana na GB

Ukifungua kibanda cha gemu, swali la kwanza la vijana halitakuwa bei. Watachungulia mlangoni na kuuliza, "Shikamoo mama, mpya ipo?" Mpya ni ile iliyotoka juzi, ambayo wamesikia ramani yake haimaliziki na nyasi zake zinatikisika jani kwa jani. Nami hujibu, "Marahaba. Ingia, kuna mtu hapa anatafuta wa kumfunga." Mara nyingi habari ya mpya huishia hapo.

Kibanda changu kipo Kirumba hapa Mwanza, upande wa kushukia Mwaloni kwenye soko la samaki. Mashine zangu ni za PlayStation: PS2 moja ya siku nyingi, PS4 mbili na PS5 moja. Haya nayaandika kwa anayetaka kuanza na mtaji wa kuungaunga, ambaye ameshaambiwa na kila mtu kwamba bila mashine ya kisasa na gemu kubwa kubwa, zinazokula GB nyingi za nafasi kwenye diski, hapati mteja. Mzazi anayebanwa na wanawe nyumbani naye asome, hesabu ni zile zile.

Jua nani atakaa kwenye benchi

Usianze na orodha ya gemu, anza na watu. Kwangu wateja hufuata mwezi, na sisemi mwezi wa mshahara. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza kwa sababu dagaa hufuata taa. Mbalamwezi ikikolea taa haivuti kitu, basi mitumbwi hupumzika. Siku hizo kibanda hujaa wanaume wenye mikono migumu na pesa mfukoni, na hawana habari na hadithi ya gemu. Wanataka mechi, makelele, na mtu wa kumtania mpaka kesho. Ukiwawekea gemu inayoanza na sinema ya dakika kumi na tano kabla hujashika upanga, watakurudishia pedi ya kuchezea na kutoka nje kwa wazee wa drafti.

Upande wa Nyegezi na Malimbe, karibu na chuo cha SAUT, mambo ni mengine. Mwanafunzi wa chuo yuko radhi kukaa saa mbili peke yake akifuatilia hadithi. Mwenye kibanda wa huko atanunua tofauti na mimi, na atakuwa sahihi.

Kwa hiyo zunguka wiki nzima eneo unalolitaka kabla hujalipia pango. Angalia vijana wanatembea wawili wawili au mmoja mmoja, wanatoka kazini saa ngapi, wana haraka kiasi gani. Wenye sare za shule usiwaweke kwenye hesabu. Mimi simpokei mtoto mwenye sare hata aje na noti ya elfu kumi, na mwenyekiti wa mtaa analijua hilo.

Pima gemu kwa lisaa

Chukua karatasi. Mechi ya mpira ya dakika tano kila kipindi, ukiongeza kuchagua timu, marudio ya magoli na ubishi wa nani achukue Real Madrid, inakula kama robo saa. Ndani ya lisaa ni mechi nne. Kwangu mechi ni shilingi 500, kwa hiyo ni 2,000, na huenda watu wanane wameshika pedi. Gemu ya hadithi natoza 1,000 kwa lisaa, maana ukipandisha hapo hakuna atakayekaa, na benchi zima limemilikiwa na mtu mmoja. Gemu za ngumi hukimbia kuliko zote. Pambano ni dakika mbili tatu, kwa hiyo usiuze pambano moja moja, utagombana na watu kutwa. Uza robo saa: mshindi anabaki, aliyepigwa anampisha mwenzake.

Sasa niseme kuhusu Tekken, gemu ya ngumi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niache kuogopa namba za GB. Tekken 3 ya PlayStation ya kwanza, ya mwaka 1998, ilitoshea kwenye CD moja, yaani si zaidi ya MB 700. Tekken 8 iliyotoka 2024 inadai nafasi ya GB 100 kwenye kompyuta. Hiyo ni zaidi ya mara 140. Sura zimenona kweli, jasho linaonekana, sakafu inapasuka, na ukiwa na intaneti nzuri unapigana na mtu wa Korea. Lakini kwenye benchi langu bado ni watu wawili na vitufe vinne, kimoja kwa kila mkono na kimoja kwa kila mguu. Sijaona mteja anayekaa mara 140 zaidi, wala anayelipa hivyo.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, itazame Tetris. Ni ile gemu ya kupanga vipande vinavyodondoka. Aliibuni Alexey Pajitnov huko Moscow katikati ya miaka ya 1980, na ilipouzwa pamoja na Game Boy, mashine ya mkononi, mwaka 1989 kaseti yake ilikuwa na KB 32 tu. Diski ya GB 500 ingebeba Tetris za namna hiyo zaidi ya milioni 15. Na hadi leo mtu akiianza kwenye simu anapitiliza kituo chake cha daladala.

Uliza hizo GB zimebeba nini

Hapa ndipo wengi hupigwa. Mtu anaona GB 150 anadhani amepata mchezo mara tatu ya ule wa GB 50. Ukubwa wa faili una sababu zake, na nyingine hazihusiani na kucheza hata chembe.

Sauti peke yake inaweza kujaza diski. Titanfall, gemu ya vita, ilipotoka kwa ajili ya kompyuta mwaka 2014 ilikuwa na GB 48, na kati ya hizo 35 zilikuwa sauti. Waliiacha bila kuibana ili kompyuta dhaifu zisielemewe na kazi ya kuifungua huku risasi zinalia. Gemu nyingine hubeba maneno ya wahusika kwa lugha tano sita, na hutaikuta ya kwetu humo.

Halafu kuna nakala. Diski ngumu ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayosoma, na sindano ikihangaika huku na huko gemu inakwama. Ili isihangaike, kitu kile kile hurudiwa sehemu nyingi za diski. Mark Cerny, mbunifu mkuu wa PS5, alieleza mwaka 2020 kwamba katika Spider-Man ya PS4 kuna vitu vidogo vya barabarani, mfano masanduku ya barua, vilivyorudiwa hata mara 400. Sanduku la barua, mara 400! Wenye Helldivers 2, gemu nyingine ya vita, walikuja kuamua kufuta nakala za aina hiyo kwenye toleo la kompyuta mwaka 2025, na gemu ikashuka kutoka GB 154 hadi kama GB 23. Ni gemu ile ile. Aliyekuwa na diski ndogo alikuwa ametunziwa GB 131 za marudio.

Na picha. Tivii ya 4K ina nukta zaidi ya milioni nane. Tivii nyingi za inchi 32 tunazoweka vibandani zina kama milioni moja. Picha zilizochorwa kwa ajili ya ile kubwa zinajaza diski yako, zinafika kwenye kioo chako na kusagwa ziwe ndogo. Kama tivii zako si za 4K, usinunue gemu kwa sababu ya 4K. Wala tivii usibadilishe kwanza, nunua pedi.

Kwa nini basi wanazidi kuzikuza? Nyaraka zilizowekwa mbele ya mahakama huko Marekani mwaka 2023 zilionyesha The Last of Us Part II iligharimu kama dola milioni 220, na Horizon Forbidden West milioni 212. Aliyemwaga pesa za namna hiyo atataka zionekane, na nionavyo mimi kitu rahisi kuonyesha kwenye tangazo ni ukubwa. Utamu haupigwi picha. Wakati huo huo Eric Barone alikaa peke yake miaka zaidi ya minne akitengeneza Stardew Valley, gemu ya shamba yenye picha za vidoti, ikatoka 2016 na imeshauza nakala zaidi ya milioni 40. Balatro, gemu ya karata, nayo ni kazi ya mtu mmoja; ilitoka Februari 2024 na kuuza nakala milioni moja kwa kama mwezi mmoja.

Lakini usije ukaziweka hizo mbili kibandani. Ni za mtu mmoja na hazina kelele. Mnunulie mwanao nyumbani.

Ramani isikutishe

Mwaka 1996 ilitoka gemu ya kompyuta iitwayo Daggerfall, na waundaji walitangaza kwamba nchi yake inakaribia ukubwa wa kisiwa cha Great Britain. Ziwa letu lina kilomita za mraba kama 68,800. Hiyo ramani ni zaidi ya maziwa mawili ya Victoria. Kuna nini humo? Maelfu ya vijiji vilivyopangwa na kompyuta kwa kanuni, na katikati yake nyasi. Wachezaji walio wengi hawatembei, wanafungua menyu na kuruka hadi waendako. Ziwa angalau ukilivuka unakutana na Kome, Ukara na Ukerewe, na kila kimoja kina watu wake na bei yake ya samaki.

Kuna The Crew ya 2014, gemu ya magari, ambayo ilifinya Marekani nzima uendeshe kutoka pwani hadi pwani. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha, zilizimwa, na kwa kuwa ilidai intaneti muda wote, hata mwenye diski mkononi akashindwa kuicheza. Hili kwa mwenye kibanda ni zito kuliko swali lolote la ukubwa. Gran Turismo 7, nayo ya magari, Machi 2022 seva zilipokwama kwa zaidi ya siku nzima sehemu kubwa ya gemu haikufunguka, ingawa mtu alikuwa anashindana na magari ya kompyuta sebuleni kwake.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji achomoe intaneti, kisha awashe gemu mbele yako. Ifike mpaka watu wawili wanacheza, siyo mpaka menyu tu.

Nikishajua inawaka bila mtandao, huwa naomba kuijaribu na watu wawili ambao hawajawahi kuiona. Nawapa pedi, sielezi chochote. Dakika kumi zikipita na hakuna aliyecheka wala kulalamika kwamba ameonewa, siinunui. Njia hii ndiyo iliyoniletea Rocket League, ule mpira wa magari, ambayo kwanza niliidharau kwa jina, na ambayo tangu 2020 ni ya bure na inakaa watu wanne kwenye tivii moja. Crash Team Racing Nitro-Fueled ya 2019 nayo inakaa wanne. Wanne kwenye benchi moja kwa robo saa, kila mmoja na mia tatu yake, piga hesabu.

Umeme, bando na joto

Uniti moja ya luku ni wati 1,000 kwa lisaa. PS5 ikiwa ndani ya gemu nzito hula kama wati 200, kwa hiyo saa tano ni uniti moja, tivii bado. PS4 Slim ni kama nusu ya hapo. PS2 nyembamba haifiki wati 50, itakaa zaidi ya saa 20 kwenye uniti hiyo hiyo. Andika hizi namba ukutani karibu na soketi.

Kupakua: intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, ambayo ni nzuri, itachukua zaidi ya saa 22 kuleta GB 100, na hapo hujakatika hata mara moja. Kwa bando la simu usijaribu kabisa. Nunua gemu ya diski, hata iliyotumika. Ukichoka nayo utaiuza, ile ya kupakua huwezi kumuuzia mtu. Zima apdeti za kujiendesha, uzifanye usiku baada ya kufunga, na kwa gemu unayoiuza tu.

Gemu nzito huchemsha mashine, na mashine ikichemka feni hupiga kelele kama cherehani. Huku kwetu si vumbi pekee. Msimu ambao wadudu wa ziwani wanapanda kama moshi, wanavutwa na taa za tivii, wanaingia kwenye feni na kugandia humo. Weka wavu dirishani, zima taa ya mlangoni, na kila baada ya miezi michache mpe fundi afungue na kupiga brashi. Usipulizie kwa mdomo, utatia mate.

Kupanga diski

PS4 ya GB 500 inakuachia kama 400 za kutumia. Toa 100 ubaki na 300, kwa sababu PS4 ikiapdeti gemu huinakili kwanza, na inaweza kudai nafasi nyingine karibu sawa na gemu yenyewe. Ukijaza diski mpaka ukingoni, siku ya apdeti itakuamuru ufute kitu, na itakuwa Jumamosi jioni watu wamejaa.

Kwenye hizo 300 weka mpira kwanza, kisha ngumi mbili, magari, na kitu kimoja cha kuchekesha. Ukikosa nafasi, PS4 inakubali diski ya nje ya USB 3.0 kuanzia GB 250 hadi TB 8, na gemu zinachezeka humo humo. PS5 ni mjanja zaidi: gemu zake yenyewe unaweza kuzihifadhi kwenye diski ya nje lakini hazichezeki hapo, lazima uzirudishe ndani au ununue SSD ya M.2, diski ya kasi inayopachikwa ndani ya mashine. Za PS4 zinachezeka. Kwa hiyo pesa ya diski ya nje itakufaa zaidi kwenye PS4.

Mpira una mtego wake. Kila mwaka toleo jipya, na tangu 2023 hata jina la FIFA limeondoka, ni EA Sports FC. Vijana watalia kwamba kwenye FC 24 Mbappé yuko PSG wakati alihamia Real Madrid 2024. Ingia kwenye sehemu ya kurekebisha timu, umhamishe kwa mkono. Kwangu kuna dogo mmoja anayefanya usajili wote wa Ulaya kila dirisha likifungwa, malipo yake ni mechi mbili za bure, na anaringa kuliko wakala wa kweli. Toleo jipya nanunua nikiona lililopo halina tena mvuto, si kwa sababu Septemba imefika. Ile PES ya PS2, gemu nyingine ya mpira, iliyotiwa jezi za Simba na Yanga na mafundi wa mtaani haijui hata Mbappé ni nani, lakini siku ya watani wa jadi foleni yake inatoka nje.

Kubwa moja, kona moja

Sisemi usiwe nayo kabisa. Kuna mteja anayekuja kuzurura tu, amegombana nyumbani au amefukuzwa kazi, hataki kufungwa magoli na mtoto. Huyo mwekee GTA V, gemu ya kuzurura mjini. Inakula karibu GB 100, na nadhani inastahili, maana mji wake umejaa vituko kila kona, haukujazwa nyasi. Iwe kwenye mashine moja, ile ya kona, iuzwe kwa lisaa, na hasa mchana saa nane hadi kumi ambapo benchi ziko wazi. Jioni mashine hiyo inarudi kwenye mechi kama wenzake. Asiye na hela ya lisaa nampeleka kwenye San Andreas, GTA ya zamani ya PS2, ya 2004, DVD moja, na hajawahi kunirudia kulalamika kuhusu nyasi.

Kama siku moja utalazimika kuifuta kubwa ili upate nafasi, usiogope wateja wake. Kwenye PS4, kufuta gemu hakufuti kumbukumbu ya pale mtu alipoishia, mradi usiguse sehemu ya data zilizohifadhiwa. Mwambie kijana misheni zake ziko salama, na gemu ukiirudisha ataendelea pale pale. Ila usimwahidi kwamba itakuwa Jumamosi, kwa sababu kuipakia upya na apdeti zake itakuchukua usiku mzima, na mbalamwezi ikiwa imekolea hutakuwa na usiku huo.